MRI inavyosaidia kutofautisha faibroidi na saratani adimu ya mfuko wa uzazi

UVIMBE katika mfuko wa uzazi ni miongoni mwa matatizo yanayowapeleka wanawake wengi hospitalini. Aghalabu uvimbe huo huwa ni faibroidi, ambayo si saratani. Hata hivyo, mara chache sana, kile kinachodhaniwa kuwa faibroidi huwa ni saratani kali ya misuli ya mfuko wa uzazi iitwayo leiomayosakoma.

Magonjwa haya mawili huanzia katika misuli ile ile, huleta dalili zile zile na hufanana mno yanapotazamwa kwa altrasaundi. Hatari hujitokeza pale daktari anapokata uvimbe vipande vipande akiamini kuwa ni faibroidi, kumbe anatawanya mbegu za saratani tumboni mwa mgonjwa.

Hii ndiyo sababu picha za MRI zimepewa uzito mkubwa katika uchunguzi wa uvimbe unaotiliwa shaka. Picha hizo haziwezi kutamka kwa uhakika kamili kwamba mwanamke ana saratani. Kazi yake kubwa ni kuwabainisha wale ambao uvimbe wao haupaswi kukatwakatwa, na kuwaondolea hofu wengi wasio na cha kuogopa.

Magonjwa mawili, misuli mmoja

Ukuta wa mfuko wa uzazi umejengwa kwa misuli laini, yaani misuli inayojikaza yenyewe bila mtu kuiamuru. Ndiyo inayomsukuma mtoto wakati wa kujifungua. Faibroidi hutokea pale seli za misuli hiyo zinapoongezeka na kujisokota pamoja na nyuzi ngumu hadi kuwa donge. Donge hilo laweza kuwa dogo kama punje ya haragwe au likazidi ukubwa wa nazi, na mwanamke mmoja anaweza kuwa na madonge kadhaa kwa wakati mmoja.

Utafiti uliochapishwa nchini Marekani mwaka wa 2003 ulionyesha kuwa kufikia umri wa miaka 50, zaidi ya asilimia 80 ya wanawake weusi na takriban asilimia 70 ya wanawake weupe huwa wamepata faibroidi. Wengi wao huishi nazo bila kujua.

Leiomayosakoma nayo ni adimu. Kwa mwaka mmoja huwapata chini ya mwanamke mmoja katika kila wanawake 100,000, na ni kama asilimia moja au mbili tu ya saratani zote zinazoanzia katika mfuko wenyewe wa uzazi. Wengi wanaougua ni wenye umri wa takriban miaka 50 na zaidi, ingawa wenye umri mdogo pia wamewahi kuipata. Takwimu za Marekani zinaonyesha kuwa wanawake weusi huathirika zaidi kuliko weupe. Wengine walio katika hatari zaidi ni waliotumia dawa ya tamoxifen kwa muda mrefu kutibu saratani ya matiti, pamoja na waliowahi kutibiwa kwa miale katika eneo la nyonga.

Wataalamu wengi wanaamini kuwa saratani hii huanza yenyewe, wala si faibroidi ya kawaida iliyogeuka. Kwa hiyo, mwanamke aliyeambiwa ana faibroidi hana sababu ya kudhani kwamba amebeba saratani inayosubiri wakati wake.

Licha ya uhaba wake, ugonjwa huu ni mkali. Husafiri kupitia damu na hupenda kujikita katika mapafu. Hata unapogunduliwa ungali ndani ya mfuko wa uzazi, hurejea kwa takriban nusu ya wagonjwa au zaidi baada ya upasuaji.

Ni muhimu pia kutochanganya leiomayosakoma na saratani ya mlango wa kizazi, ambayo Wakenya wengi wanaifahamu. Saratani ya mlango wa kizazi husababishwa na virusi vya HPV, ambavyo Kenya ilianza kuwachanja wasichana dhidi yake katika mpango wa kitaifa mwezi Oktoba 2019. Leiomayosakoma haitokani na virusi hivyo. Chanjo hiyo haiikingi, na uchunguzi wa kawaida wa mlango wa kizazi haukusudiwi kuigundua.

Kwa nini ni vigumu kuitambua

Dalili zake hazina upekee wowote. Mgonjwa huvuja damu nyingi wakati wa hedhi au nje ya hedhi, huhisi uzito au maumivu chini ya kitovu, tumbo hufura, na pengine huenda haja ndogo mara kwa mara kwa sababu uvimbe unakandamiza kibofu. Mwenye faibroidi husimulia mambo hayo hayo.

Kwa miaka mingi madaktari waliamini kwamba uvimbe unaokua haraka ndio wa kuogopwa. Imani hiyo ilitikiswa na utafiti uliochapishwa Marekani mwaka wa 1994. Kati ya wanawake 371 waliopasuliwa kwa sababu faibroidi zao zilikuwa zikikua kwa kasi, mmoja tu ndiye aliyepatikana na saratani ya aina hii. Kukua haraka kwa mwanamke anayeendelea kupata hedhi, pasipo dalili nyingine, si ushahidi wa kutosha.

Hali ni tofauti kwa aliyekoma hedhi. Faibroidi hulishwa na homoni za uzazi, na kwa kawaida hunywea homoni hizo zinapopungua. Uvimbe unaojitokeza au kukua baada ya hedhi kukoma, hasa kwa mwanamke asiyetumia dawa za homoni, ni jambo linalotaka kuchunguzwa bila kuchelewa. Kadhalika, kutokwa na damu baada ya hedhi kukoma hakupaswi kupuuzwa.

Njia ya kutoa kipande cha nyama na kukipeleka maabara, ambayo hutegemewa katika saratani nyingine nyingi, nayo ina mapengo hapa. Kifaa kinachopitishwa katika mlango wa kizazi huchukua utando wa ndani, ilhali leiomayosakoma mara nyingi hujificha ndani ya misuli. Kipimo hicho kikikosa kuonyesha saratani, hakimwondolei mgonjwa shaka. Kudunga uvimbe kwa sindano nako kuna walakini. Sindano huweza kuchota sehemu isiyo na ugonjwa, na madaktari wengi huhofia kwamba inaweza kueneza seli za saratani.

Altrasaundi ndicho kipimo cha kwanza, na inastahili kuwa hivyo. Bei yake ni nafuu, hupatikana katika hospitali nyingi na huonyesha uvimbe uko wapi na una ukubwa gani. Lakini haiwezi kutegemewa peke yake kutenganisha faibroidi iliyoanza kuharibika ndani na saratani.

Funzo kutoka Marekani

Ulimwengu ulilazimika kulitazama suala hili upya kufuatia masaibu ya Dkt Amy Reed, daktari wa dawa za usingizi na mama wa watoto sita nchini Marekani. Mnamo 2013 alifanyiwa upasuaji wa matundu madogo kuondoa kilichodhaniwa kuwa faibroidi. Katika upasuaji wa aina hiyo, mashine yenye kisu kinachozunguka ilitumiwa kukatakata mfuko wa uzazi ili vipande vitolewe kupitia tundu dogo. Uchunguzi wa maabara baadaye ulionyesha kwamba ilikuwa leiomayosakoma.

Dkt Reed na mumewe, Dkt Hooman Noorchashm, walianzisha kampeni ya kutaka mashine hizo ziache kutumiwa. Mwezi Aprili 2014, Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, ilitoa tahadhari dhidi ya matumizi yake. Mamlaka hiyo ilikadiria kuwa kati ya kila wanawake 350 wanaopasuliwa kwa ajili ya faibroidi, mmoja huwa na sarkoma ya mfuko wa uzazi isiyotarajiwa, yaani leiomayosakoma au saratani nyingine za jamii hiyo. Baadhi ya watafiti walilipinga kadirio hilo wakisema ni la juu mno. Mnamo Novemba mwaka huo, FDA iliagiza onyo kali zaidi liandikwe kwenye vifaa hivyo. Dkt Reed alifariki Mei 2017.

Mwaka wa 2020 FDA ilisisitiza kuwa pale mashine hiyo inapotumiwa, uvimbe ukatwe ndani ya mfuko maalumu unaozuia vipande kutapakaa, na kwa wagonjwa waliochaguliwa kwa uangalifu pekee.

Funzo hilo halihusu mashine peke yake. Hata katika upasuaji wa kawaida wa kufungua tumbo, daktari anayeondoa faibroidi na kuuacha mfuko wa uzazi huukata ukuta wa mfuko huo na kuung'oa uvimbe. Uvimbe ukiwa ni saratani, ganda lake limevunjwa. Swali la msingi linabaki lile lile: je, ingewezekana kujua kabla ya kisu kugusa?

Jinsi MRI inavyofanya kazi

MRI haitumii miale ya eksirei. Mgonjwa hulala ndani ya sumaku yenye umbo la bomba, ambayo kwa kawaida huwa na nguvu ya tesla 1.5 au 3. Tesla 1.5 ni takriban mara 30,000 ya nguvu ya sumaku ya dunia. Mwili wa binadamu umejaa maji na mafuta, na vyote viwili vina haidrojeni. Viini vya haidrojeni hujipanga kwa kufuata sumaku hiyo. Mashine hutuma mawimbi ya redio yanayovitikisa, kisha hupokea ishara vinaporejea katika mpangilio wake. Kompyuta hugeuza ishara hizo kuwa picha. Paul Lauterbur wa Marekani na Peter Mansfield wa Uingereza walituzwa Nobeli ya tiba mwaka wa 2003 kwa mchango wao katika kuivumbua mbinu hii.

Faida yake kubwa ni kwamba mitambo inaweza kupangwa kupiga aina kadhaa za picha za sehemu ile ile. Kwa uvimbe wa mfuko wa uzazi, aina nne ndizo muhimu.

Ya kwanza ni picha za T2, ambapo maji huonekana meupe. Faibroidi ya kawaida, kwa kuwa ina nyuzi ngumu na maji machache, huonekana nyeusi na yenye mipaka iliyonyooka. Leiomayosakoma mara nyingi huwa na rangi ya kijivu au nyeupe iliyochanganyika, na mipaka yake huwa na vinundu au huchomoza ovyo katika misuli iliyo kando.

Ya pili ni picha za T1. Hapa damu iliyovuja ndani ya uvimbe inaweza kuonekana nyeupe. Saratani hii hukua upesi kuliko mishipa inayoilisha, hivyo sehemu zake hufa na kutoka damu.

Ya tatu hupigwa baada ya mgonjwa kudungwa dawa ya kung'arisha picha yenye madini ya gadoliniamu. Dawa hiyo hufuata damu. Sehemu zilizo hai hung'aa, na zile zilizokufa hubaki na giza. Uvimbe wenye kitovu kisichong'aa na kingo zisizo sawa huongeza shaka.

Ya nne, ambayo imeleta mabadiliko makubwa zaidi, ni picha za mtawanyiko wa maji. Hizi hupima jinsi chembe za maji zinavyosogea kati ya seli. Katika saratani, seli zimesongamana kiasi kwamba maji hukosa nafasi ya kutembea. Sehemu hiyo hung'aa kwenye picha ya mtawanyiko, na kipimo chake kiitwacho ADC hushuka. Picha hizi mbili husomwa pamoja, kwa sababu majimaji ya kawaida huweza kung'aa katika ile ya kwanza ilhali ADC yake iko juu.

Kusoma hatua kwa hatua

Hakuna alama moja inayotosha. Mnamo 2017 watafiti wa Marekani waliorodhesha dalili nne zilizoelekeza kwenye leiomayosakoma: mipaka yenye vinundu, damu ndani ya uvimbe, sehemu nyeusi katika picha za T2 na kitovu kisichong'aa baada ya dawa. Uvimbe uliokuwa na tatu au zaidi kati ya hizo ulikuwa wa kutiliwa shaka kubwa.

Mwaka wa 2020 utafiti mwingine uliochapishwa katika jarida la Radiology ulipendekeza mpangilio rahisi kufuata. Kwanza mtaalamu hutazama iwapo tezi za limfu zimevimba au kuna vinundu vilivyotapakaa tumboni. Pili, hulinganisha mng'ao wa uvimbe katika picha ya mtawanyiko na ule wa utando wa ndani wa mfuko wa uzazi. Tatu, iwapo uvimbe unang'aa zaidi, hupima ADC. Ikiwa ni 0.000905 milimita mraba kwa sekunde au chini yake, uvimbe huhesabiwa kuwa wa kutiliwa shaka.

Upande wa pili wa mpangilio huo una manufaa makubwa vilevile. Uvimbe ulio mweusi katika T2 na usiong'aa katika picha ya mtawanyiko kwa kiasi kikubwa ni salama. Mwanamke wa aina hiyo anaweza kuepushwa na hofu, na hata na upasuaji mkubwa asiouhitaji.

Mipaka ya MRI

Faibroidi nazo huzeeka na kuharibika. Nyingine hujaa majimaji, nyingine hutoka damu ndani, jambo linaloweza kutokea wakati wa ujauzito. Kuna pia faibroidi zenye seli nyingi zilizosongamana, ambazo hushusha ADC kama saratani. Zote hizi zinaweza kumdanganya msomaji wa picha. Tena, kwa sababu ugonjwa wenyewe ni adimu, tafiti nyingi zimewahusisha wagonjwa wachache, na wengi wanaotiliwa shaka hatimaye hupatikana na faibroidi.

Mnamo 2002 watafiti wa Japani walionyesha kwamba kuunganisha MRI yenye dawa ya kung'arisha na kipimo cha damu kiitwacho LDH kulisaidia kutenganisha saratani na faibroidi zilizoharibika. Hata hivyo, LDH hupanda kwa sababu nyingine nyingi, zikiwemo malaria na ugonjwa wa selimundu, ambazo ni za kawaida katika sehemu kadhaa za Kenya. Kipimo hicho hakipaswi kusomwa peke yake.

Jibu la mwisho hutolewa na mwanapatholojia anayetazama uvimbe kwa darubini baada ya upasuaji. Yeye huhesabu seli zinazogawanyika, hutazama maumbile ya viini vyake na hutafuta sehemu zilizokufa. Kwa hivyo, kila uvimbe unaotolewa unapaswa kupelekwa maabara, na mgonjwa hana budi kufuatilia matokeo hata kama kidonda kimepona na amerejea kazini.

Nani anahitaji kipimo hiki?

Si kila mwenye faibroidi anayehitaji MRI. Nchini Kenya mashine hizi hupatikana hasa katika hospitali kuu za rufaa na vituo vya kibinafsi vya miji mikubwa, na gharama yake ni mzigo kwa familia nyingi. Tangu Oktoba 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ilipochukua nafasi ya NHIF, ni vyema mgonjwa aulize mapema ni kiasi gani kitakacholipwa na bima na ni kipi atakachotoa mfukoni.

Wanaostahili kupewa kipaumbele ni wanawake ambao uvimbe wao umekua baada ya hedhi kukoma, wale ambao altrasaundi imeonyesha uvimbe mkubwa wenye sura isiyo ya kawaida, waliowahi kutumia tamoxifen au kutibiwa kwa miale ya nyonga, na wanaopangiwa upasuaji wa matundu madogo ambapo uvimbe utakatwakatwa. Vilevile, wanaotaka tiba zinazouacha uvimbe mwilini, kama kuziba mishipa inayoulisha, wanahitaji uhakika zaidi kwa kuwa hakutakuwa na nyama ya kupeleka maabara.

Ombi la daktari kwa kituo cha picha lina umuhimu wake. MRI ya nyonga iliyopigwa bila picha za mtawanyiko inaweza kukosa jibu linalotafutwa. Daktari anapaswa kuandika wazi kuwa anashuku sarkoma, na kueleza umri wa mgonjwa na hali ya hedhi yake. Mgonjwa naye aitunze diski yenye picha zenyewe, si ripoti pekee, ili mtaalamu mwingine aweze kuzisoma upya bila gharama ya kurudia.

Kipimo huchukua takriban nusu saa hadi dakika 45. Mashine hupiga kelele nyingi, na mgonjwa hupewa vizibo vya masikio. Vitu vyote vya chuma, zikiwemo pini za nywele na vito, huachwa nje. Mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo, vipande vya chuma mwilini au koili ya kupanga uzazi aseme mapema. Mwenye matatizo ya figo au mjamzito pia ajitambulishe kabla ya kudungwa gadoliniamu.

Picha zikileta shaka

Picha zikionyesha hatari, hatua inayofuata ni kumpeleka mgonjwa kwa daktari bingwa wa saratani za wanawake. Kifua hupigwa picha ya CT kuangalia mapafu. Tiba kuu ni kuutoa mfuko wa uzazi ukiwa mzima, pasipo kuupasua wala kuukatakata. Kwa baadhi ya wanawake ambao hawajakoma hedhi, vifuko vya mayai vinaweza kuachwa. Ugonjwa ukiwa umesambaa, dawa za kemikali kama vile doxorubicin hutumiwa.

Kwa mwanamke anayetarajia kupata watoto, uamuzi huu ni mzito, hasa ikizingatiwa kuwa shaka ya MRI si uthibitisho. Anastahili kuelezwa pande zote mbili kabla ya kutia sahihi, na kupata maoni ya daktari wa pili akitaka.

Kabla ya upasuaji wowote wa faibroidi, mgonjwa ana haki ya kumuuliza daktari wake maswali matatu: Je, kuna lolote katika hali yangu linaloashiria kuwa huenda hii si faibroidi? Je, uvimbe utatolewa mzima au utakatwakatwa, na kama utakatwa, ni ndani ya mfuko wa kuzuia vipande? Na je, matokeo ya maabara yatatoka lini, na nani atakayenipa?